Maneno Ambayo Hayakuwa ya Uvimbe

Nilipoitwa mbele kumzungumzia dada yangu Metrine, nilisema alikuwa mshonaji hodari kuliko wote niliowahi kuwaona, kisha nikarudi kuketi. Watu waliojaa kwenye hema pale Gatongora walidhani machozi yamenizidi. Mama mmoja wa kanisani alinipapasa mgongo akaniambia, "Pole, mami, Mungu ndiye anajua." Sikuwa nalia. Tangu shemeji yangu Karanja aliponipigia simu kuniambia Metrine ametuacha, nilikuwa nikitafuta jambo la pili la kweli ambalo lingeweza kusemwa kwenye kipaza sauti mbele ya pasta, na nilikuwa sijalipata. Walionitangulia walisema alikuwa mpole. Mmoja alisema Metrine alinilea kama mama mwaka ule nilioishi nyumbani kwake, hapo hapo Gatongora, Ruiru, na watu wakaitikia amina. Mwaka ule! Nilikaa kwake kuanzia Januari hadi Desemba, nikiwa na miaka ishirini na minne naye ishirini na saba, na sijawahi kuchukiwa na mtu yeyote kwa bidii kama alivyonichukia yeye, wala mimi sijawahi kumchukia mtu hivyo. Sasa nakaribia arobaini, nina duka langu la kushona Kiganjo, na ninaandika haya kwa sababu sikupenda kuona mwaka mzima ukifukiwa pamoja naye kwa jina la upole.

Nyumba yao ilikuwa ya mawe, ikitazama barabara ya vumbi. Chumba cha mbele kilikuwa duka: cherehani tatu, meza ndefu ya kukatia, na misumari ukutani iliyotundikwa sketi za shule kama watoto waliosimama mstari. Nyuma yake kulikuwa na sebule, jikoni, chumba chao cha kulala, na stoo ndogo ya vitambaa ambamo nilitandikiwa godoro kati ya mabunda ya kijani na ya bluu. Stoo hiyo ilitenganishwa na chumba chao kwa ubao mwembamba tu, na ubao huo ndio ulionifundisha mengi. Metrine alikuwa ameniita nimsaidie kushona yunifomu, maana shule kadhaa zilikuwa zimempa kazi na mikono miwili haikutosha. Siku za kwanza nilikuwa nikiacha kazi yangu ili nimtazame. Mguu wake ulikanyaga pedali, mikono ikaongoza kitambaa, na macho yake yalikuwa barabarani, akimjibu mteja na kumcheka mwingine, huku kola ikizunguka chini ya sindano na kutokea upande wa pili ikiwa imenyooka. Hakuwa anaitazama kabisa. Hata chakula alikipanga kwa mkono ule ule wa uhakika: Karanja alipenda githeri ya mahindi na maharagwe, pamoja na parachichi, sisi wawili tulipenda ugali na mboga chungu, na Metrine alipika vyote viwili bila sufuria moja kungojea nyingine. Sahani yangu, hata hivyo, haikuletwa sebuleni. Aliiweka kwenye meza ya kukatia. "Kula ukimaliza vifungo," alisema, na hiyo ilikuwa Januari, akiwa mzima bado, au sisi sote tukidhani ni mzima.

Mambo yalianza kuharibika Februari. Kola moja ilitoka ikiwa imepinda, kisha mbili, kisha akaharibu fungu zima la blauzi. Aliinua kichwa akanitazama.

"Nani ameguza mashine yangu?"

"Hakuna mtu, Dada."

"Nafula, nimeuliza nani ameguza mashine yangu."

"Mimi sijaiguza."

"Basi imejiguza yenyewe."

Tulibadilishana mashine, na ile yangu nayo ikaanza kupinda mikononi mwake. Nilikuwa nimekaa karibu kiasi cha kuona kilichokuwa kikitokea, ila sikukielewa: mguu wake ulikuwa ukiondoka kabla mkono wa kulia haujafika. Pedali inakanyagwa, kitambaa kinakimbia, mkono unafuata nyuma kama mtu aliyeachwa na wenzake. Siku moja sindano ilimpita kidoleni. Aliweka kikombe ukingoni mwa meza akiamini ni katikati. Akitoka mlangoni alikosea ngazi moja aliyoipanda kwa miaka. Hata maneno yake yalianza kuchelewa; ungemuuliza jambo, akanyamaza, ukaendelea na lingine, ndipo jibu la lile la kwanza likaja kwa hasira, kana kwamba wewe ndiye uliyelichelewesha. Mimi nilichukulia ni dharau. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilidhani kila kitu duniani kinafanywa ili kuniudhi mimi.

Karanja alikuwa akisambaza chakula cha ng'ombe kwa pikapu, akirudi jioni na vumbi la pumba kwenye nyusi. Si mtu mbaya. Lakini alitafuta sababu pale pale alipo mtu mgeni. Nilimsikia kupitia ule ubao, tukiwa tumemaliza tu kula.

"Huyo msichana wako, tangu akuje hapa hakuna kitu inaenda sawa."

"Si msichana wangu," Metrine akajibu. "Ni msichana wa mama."

"Basi mrudishe kwa mama."

"Na vifungo atashona nani? Wewe?"

Hivyo ndivyo nilivyojua thamani yangu katika ile nyumba. Nililala kati ya mabunda nikipanga namna ya kumuumiza, na kesho yake alinitangulia. Ilikuwa Machi. Alikuwa ameshona sketi sita na kuweka marinda yakitazama upande usiofaa, nami bila kumwuliza nikachukua wembe nikaanza kuzifumua. Alinikuta kwenye ya nne. Alichukua ile rula ndefu ya mbao akanipiga kwenye kifundo cha mkono, mara moja, kwa nguvu.

"Nani alikuambia ufumue kazi yangu?"

"Ni mbovu, Dada. Angalia mwenyewe."

Aliirudisha rula mezani. Nilidhani yameisha, nikainama kuokota wembe. Ndipo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ndio maana hata mtoto alikukimbia."

Mtoto wangu wa kwanza aliishi wiki tatu. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Metrine, ambaye yeye na Karanja walikuwa hawajajaliwa mtoto, ndiye aliyemwosha siku aliyozaliwa, kwa mikono yake, ndani ya beseni la bluu, akimwimbia. Hakuna mtu mwingine aliyemjua mtoto yule kama tulivyomjua sisi wawili. Niliketi kwenye mashine yangu nikashona kola kumi na mbili bila kuharibu hata moja, na kila moja nilishona nikimwombea mabaya.

Mabaya hayo nilimletea mwenyewe, siku chache baadaye. Mwalimu mkuu wa shule moja ya kibinafsi huko Gitothua alikuja kuchukua yunifomu zake. Alikuwa mteja mkubwa kuliko wote, mama mwenye miwani aliyepima kila mshono kwa ukucha. Aliinua blauzi moja akaitazama, akaiweka, akainua nyingine. Metrine alikuwa ameingia ndani kutafuta daftari la vipimo.

"Dada yako ni mgonjwa?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, Madam," nikasema. "Anakunywa."

Neno lilitoka jepesi. Metrine hakuwahi kuonja hata ile pombe ya muratina ya harusi ambayo wazee wa upande wa Karanja walimlazimisha kila mtu aonje. Lakini kabla mwalimu hajanijibu, Metrine alitokea mlangoni, akakosea hatua, akashika ukuta, na alipoulizwa habari alikaa kimya sana kabla ya kusema nzuri. Mwalimu alinitazama kwa macho ya kunihurumia. Wiki hiyo hiyo alituma mtu kuchukua vitambaa vyake vyote, hata vilivyokuwa vimekatwa. Habari ilienea kanisani. Akina mama watatu walikuja kumwombea, wakakaa sebuleni na chai yao, wakizunguka zunguka neno bila kulitaja, mpaka mmoja akaomba kwa sauti kwamba Mungu amfungue dada yetu kutoka katika kifungo cha chupa. Metrine alifungua macho katikati ya maombi. Alicheka. Alicheka wakati usiofaa, kwa muda mrefu mno, na wakaondoka wakiwa na uhakika zaidi kuliko walivyokuja. Jioni ile nilimsikia Karanja nyuma ya ubao.

"Hebu pumua."

"Karanja, unanifanya nini?"

"Pumua tu, nisikie."

Alipumua. Nilisikia pumzi yake kwenye ule ubao kana kwamba alikuwa ameniwekea mdomo sikioni. Ningeweza kuamka na kusema ni mimi. Nilivuta blanketi.

Mei, saa ya chakula cha mchana, alianguka. Alikuwa ameketi kwenye mashine, kijiko mkononi, na mkono wa kulia ukaanza kuruka peke yake. Ugali ulitawanyika kwenye kitambaa cheupe. Alinitazama usoni kwa mshangao mkubwa, kama mtu anayeibiwa mchana kweupe, halafu mwili mzima ukakaza akateleza chini. Nilimshika kichwa kisigonge chuma cha pedali. Nakumbuka niliwaza, hata wakati huo, kwamba nikimwachilia hakuna atakayejua. Sikumwachilia. Ninaliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nimelibeba miaka hii yote bila kumwambia mtu. Karanja alifika na pikapu, tukamlaza nyuma juu ya magunia ya pumba, na hospitalini wakampiga picha ya kichwa. Karanja alitoka kwenye chumba cha daktari akaegemea ukuta wa korido.

"Si pombe," akaniambia. "Ngai, Mungu wangu, Nafula, si pombe. Ni uvimbe. Uko kwa ubongo."

"Uko wapi?"

Aligusa kipaji chake upande wa kushoto, juu kidogo. Kisha akaanza kulia, akisema, "Nilimwambia apumue. Nilimwambia apumue." Nilimshika bega nikasema pole, shemeji. Kinywa changu kiliweza kusema pole na hakikuweza kusema lile lingine.

Walitupeleka hospitali kubwa zaidi, na huko ndiko tulikokutana na daktari mmoja mwanamke, kijana, mwenye viatu vya raba. Hakuwa yule ambaye angempasua. Yeye alikuwa anafanya utafiti, akatuketisha kwenye chumba chenye kompyuta na kutueleza kwa Kiswahili alichokitafuta neno kwa neno. Alisema uvimbe wa Metrine unakua polepole, uko mbele upande wa kushoto, katika ule ubongo mkubwa. Halafu akaweka kiganja nyuma ya shingo yake mwenyewe, pale nywele zinapoishia.

"Huku nyuma, chini, kuna ubongo mdogo. Huku hamna uvimbe. Ni salama kabisa. Lakini hizi sehemu mbili zinaongea kila wakati, hata mtu akiwa ametulia tu. Mbele inapanga jambo, nyuma inaipima wakati wake na kuirekebisha. Na njia zao zinavuka: kushoto ya mbele inaongea na kulia ya nyuma. Tunataka kujua uvimbe ukikaa mbele, hayo maongezi yanakuwaje."

"Kwa hivyo hiyo mkono kuchelewa..." Karanja akaanza.

"Sehemu ya mbele yenyewe inaongoza mkono, na imebanwa na uvimbe. Lakini kuchelewa, kukosea hatua, mguu na mkono kukosana, tunafikiri maongezi haya pia yanachangia. Na tumeanza kuona ubongo mdogo hauhusiki na mikono na miguu peke yake. Unahusika na maneno. Labda na hisia."

Metrine alikuwa kimya muda wote. Tulikuwa tumeshaacha kungojea neno lake aliposema, "Ni kama mtu wa kukata na mtu wa kushona wamenuniana."

"Ndio," daktari akasema, akatabasamu. "Kabisa."

Metrine hakutabasamu. Alikuwa ananitazama mimi, maana pale dukani yeye ndiye aliyekata vitambaa vyote, nami nilishona alichokata.

Daktari alihitaji pia mtu mwenye afya njema, wa umri unaokaribiana, ili picha zilinganishwe. Alinigeukia. Kabla sijafungua kinywa, Metrine alishasema, "Huyu? Mnachukua huyu ndiye kipimo cha akili timamu?" Daktari alicheka akidhani ni utani wa ndugu. Nilikubali kwa sababu moja tu, na sikuificha hata kwa nafsi yangu: nilitaka picha yangu iwe nzuri kuliko yake.

Waliniambia nitoe kila kitu cha chuma. Nilitoa hereni, saa, na pini mbili nilizokuwa nimezichomeka kwenye ukosi wa gauni kwa mazoea ya kazi. Nikalazwa, masikio yakazibwa, uso ukafunikwa na kitu kama kizimba, nikasukumwa ndani ya lile tundu. Mashine ilipiga kelele kama mafundi wanaogonga mabati. Sauti ya daktari ilinijia: "Tazama huo msalaba mdogo. Usilale. Usifikirie jambo lolote maalum." Nilitazama msalaba. Niliwaza, kutoka mwanzo hadi mwisho wa kipimo kile, neno moja nililomwambia yule mwalimu mkuu. Kama ile mashine ingekuwa na uwezo wa kuona wazo, wangeliona limeandikwa kila mahali.

Wiki chache baadaye daktari alituonyesha. Sikuelewa rangi zile, lakini alituchorea mistari miwili kwa kila mtu: mmoja wa sehemu ya mbele kushoto, mwingine wa nyuma kulia. Yangu ilipanda pamoja na kushuka pamoja, kama watu wawili wanaobeba meza. Ya Metrine haikufanana. Wa mbele ulipanda, wa nyuma ukakaa; wa nyuma ukapanda, wa mbele ulikuwa umeshashuka. Na kule nyuma hakukuwa na uvimbe hata kidogo. Karanja alitazama mistari ile kama mtu aliyepewa barua ya msamaha. "Kwa hivyo ile hasira yote," akasema, "ile kelele, ile kumpiga Nafula. Si yeye." Nilimwuliza daktari moja kwa moja, mbele ya Metrine.

"Aliponipiga na rula, ilikuwa ni uvimbe ama ni yeye? Na alivyosema juu ya mtoto wangu?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Sitakudanganya, Nafula. Nikikusanya watu wengi, naweza kusema kwa jumla maongezi haya yanapungua. Mtu mmoja, siku moja, neno moja, siwezi. Hata hii picha yako nzuri haituambii wewe ni mtu wa namna gani. Hakuna mashine ya hiyo."

Karanja hakusikia sehemu hiyo. Aliporudi Gatongora alieleza kanisa zima, na wale akina mama watatu walirudi na vikapu vya ndizi na viazi, wakilia, wakisema kila alichosema ni ugonjwa, kila alichofanya ni ugonjwa. Hapo ndipo chuki yangu ilipokomaa. Kabla ya picha zile nilikuwa mtu aliyekosewa. Baada yake nilikuwa mtu asiye na shukrani, anayemkasirikia mgonjwa. Metrine alinimwagia chai moto kwenye kitambaa nilichokuwa nimekimaliza, makusudi au la, na Karanja akasema, "Mvumilie, si yeye." Aliniita mchafu mbele ya wateja, na mteja akaninong'oneza, "Mvumilie, si yeye." Nilianza kuogopa kwamba hakuna aliyenikosea, kwamba mtoto wangu alitukanwa na donge la nyama, na kwamba mimi nilimsingizia uongo mtu ambaye hakuwepo. Hilo la mwisho lilinitisha kuliko yote, kwa sababu mimi nilikuwepo. Mistari yangu ilikuwa ikipanda na kushuka vizuri kabisa.

Alipasuliwa Agosti. Walitoa sehemu kubwa ya uvimbe, si yote. Alirudi na kilemba cha bandeji na mkono wa kulia uliolala mapajani kama wa mtu mwingine, na mtaalamu wa mazoezi akatuagiza kazi: kila siku, mara mbili, Metrine agonge meza kwa vidole vya kulia akifuata hesabu. Karanja alikuwa barabarani na pikapu yake. Mimi ndiye niliyebaki. Tuliketi kwenye meza ya kukatia, uso kwa uso, na nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, naye akagonga akichelewa, au akitangulia, akanilaumu mimi.

"Unahesabu kama mtu ako na usingizi."

"Nahesabu vile niliambiwa."

"Hesabu vizuri ama uwache."

Siwezi kusema tulikaribiana. Watu hupenda kusikia hivyo, na Karanja alisema hivyo msibani, kwamba alikuwa akirudi na kutukuta tumekaa pamoja kama pacha. Tulikuwa tumekaa kama watu wawili wanaosukumiana mlango. Lakini Septemba ikaisha, Oktoba ikaja, na mdundo wa kidole chake ukaanza kukutana na namba. Miguu iliacha kukosea ngazi. Maneno yake yakawa yanafika mapema. Novemba alishika sindano ya mkono akashona kifungo kimoja, kibaya, akakikata, akashona tena.

Siku moja ya Novemba hiyo, mvua ikiwa imewazuia wateja, tulimaliza mazoezi nikasimama kwenda kupika. Akaniambia niketi.

"Wanakuambia kila kitu nilisema ni ugonjwa," akasema.

"Ndio."

"Vingine sijui. Ile ya kukupiga, sijui. Nilijikuta rula iko juu. Lakini ile ya mtoto haikuwa ugonjwa." Alikuwa ananitazama bila kupepesa. "Ile nilifikiria siku mbili nzima kabla niseme. Nilijua pahali itakuuma kwa sababu mimi ndiye nilimwosha. Ulikuwa umepata kitu mimi nimenyimwa, ukaipoteza, na bado watu wanakuhurumia wewe. Ile ilikuwa mimi. Usiwasikize."

Mvua ilipiga mabati. Ningesema nilimkasirikia, na nilimkasirikia kweli, kiasi kwamba nilishika ukingo wa meza. Lakini chini ya hasira hiyo kulikuwa na kitu kingine, kama mtu aliyekuwa akielea miezi yote hiyo na sasa amekanyaga ardhi. Kulikuwa na mtu upande wa pili. Alikuwepo wakati wote.

"Mimi ndiye nilimwambia Madam wa Gitothua unakunywa," nikasema.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Alinipigia simu kuniombea. Akaniambia hata dada yako mdogo anaumia." Akavuta pumzi. "Karanja alininusa mdomo, Nafula. Mume wangu. Kama mbwa."

"Nilisikia."

"Ulisikia ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Tuliketi pale. Nilimwambia sitamsamehe, akasema hajaniomba. Nilimwambia simwombi pia, akasema vizuri, kwa sababu hangenipa. Kisha nikaenda jikoni nikapika ugali na mboga chungu, na kwa mara ya kwanza tangu Januari alileta sahani yake kwenye meza ya kukatia tukala pale. Desemba nilifunga vitu vyangu nikahamia Kiganjo, nikapanga chumba kimoja na kukodi cherehani. Kabla ya kuondoka nilikwenda Gitothua nikamweleza yule mwalimu mkuu ukweli wote. Alinitazama juu ya miwani yake akasema nimewaharibia watu wangu jina, na kwamba kazi yake alishampa fundi mwingine. Nilistahili. Metrine alirudi kwenye mashine mwaka uliofuata, polepole kuliko zamani, akitazama sindano kila hatua. Hakuweza tena kushona akiangalia barabara.

Tuliendelea hivyo. Tulionana Krismasi na kwenye mazishi ya watu wengine. Nilipozaa tena alituma blanketi kwa mkono wa Karanja, hakuja mwenyewe, nami sikumwalika. Mwaka huu uvimbe ulirudi, safari hii kwa haraka, na nilipokwenda kumwona, tayari alikuwa amelazwa sebuleni kwenye kitanda cha hospitali walichokodi, maneno yamekwisha, macho tu yakifuata watu. Yalinifuata mimi kutoka mlangoni hadi kitini. Yalikuwa macho yale yale ya kupima mshono wa mtu mwingine. Karanja, ambaye sasa nywele zake ni nyeupe, alinishika mkono akanena kwa wema wake wote, mbele yake, "Usijali anavyokuangalia. Alikuwa anakupenda sana. Ile yote ya zamani ilikuwa ni ugonjwa."

"Shemeji," nikamwambia, "usimseme hivyo. Huyu alikuwa na akili zake."

Karanja akaenda kuteka maji. Metrine aliendelea kunitazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya shuka, nikaushika, haukunishika wala haukukataa. Nilikaa hapo mpaka chai ya saa kumi ikaletwa, nikampangusa midomo kwa kitambaa kilicholowa, na sikumwambia jambo lolote la uongo.